Kipenu Chembamba cha Miche: Kijengwe Ukuta Upi, na Kiezekwe Nini?



Mwezi uliopita mama mmoja wa skimu upande wa Garsen alifika ofisini kwetu saa mbili asubuhi. Aliketi kwenye benchi, akafungua pindo la leso, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa karatasi ya mwuzaji wa mabanda ya plastiki, yenye picha ya nyanya nyekundu zilizoning'inia toka juu hadi chini.

“Mwalimu,” aliniambia, maana watu wengi hapa bado huniita kwa kazi niliyosomea kabla ya kuwa karani, “nimeuza mpunga wangu. Fedha ya banda hili ninayo nusu, na nusu ya pili nitakopeshwa. Lakini nafasi niliyo nayo ni ndogo, ni ule ukanda tu ulio kati ya ukuta wa nyumba na ua. Niambie kweli: ninunue, au nisinunue?”

Nilimwuliza fedha hiyo ingefanya kazi gani kama isingenunua banda. Akajibu kwamba ni karo ya mtoto wake wa kidato cha pili. Basi nikaona swali hili si dogo, wala si lake peke yake, kwa kuwa karatasi kama ile nimeziona mikononi mwa wakulima wengine pia. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti hili nilijibu mbele ya wote.

Jibu kwa ufupi ni hili. Mahali penye ukanda mwembamba kando ya nyumba, kinachofaa ni kipenu, yaani paa dogo lililoegemea upande wa nyumba, la kukuzia miche na mboga chache za jikoni. Kipenu hicho kijengwe upande wa mashariki wa nyumba, kiwe na upana usiozidi mita moja na nusu, na kiezekwe kitu cha kivuli. Plastiki iwe ya kuzuia mvua kubwa tu. Sasa nitaeleza sababu zake moja moja.

BANDA LA PLASTIKI LAFANYA KAZI GANI?

Mabanda ya namna hii yalianza katika nchi za baridi. Huko Uingereza na Uholanzi watu wenye bustani ndogo hujenga banda jembamba la kioo lililoegemea ukuta wa nyumba. Huchagua ukuta unaoelekea kusini, kwa kuwa kwao jua la adhuhuri hukaa kusini mwaka mzima. Ukuta wa matofali hunywa joto la jua mchana, na usiku hulitoa polepole, mimea isiuawe na baridi. Ukifungua kitabu cha huko, shauri la kwanza utakalokuta ni kutafuta ukuta wenye jua jingi. Ni shauri jema sana, lakini ni la kwao.

Nuru ya jua hupita katika kioo au plastiki, ikapasha joto udongo na majani. Udongo nao hupasha joto hewa iliyo ndani. Hewa ile ingekuwa nje ingepanda juu ikaenda zake, lakini humo ndani imefungiwa. Ndiyo maana banda hupata joto kuliko nje. Kwa maneno mengine, banda la plastiki ni chombo cha kukamata joto.

Hapa Kenya chombo hicho chafaa sana katika nchi za juu. Naivasha, kwa mfano, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Ndiyo sababu wakulima wa maua wa huko wametanda plastiki mashamba kwa mashamba. Lakini sisi wa Garsen tuko bondeni, mahali ambapo mto Tana umekwisha shuka kutoka milimani na sasa unajinyosha kwenda baharini. Je, tuna baridi gani ya kufukuza? Adui yetu ni jua la mchana, upepo mkavu, na mvua ya kishindo ya siku chache.

Tazama nyanya. Huo ni mmea unaopenda mchana wa nyuzi 20 na kitu. Joto la mchana likipita nyuzi 32 siku baada ya siku, na usiku nao ukabaki na fukuto, chavua ya ua huharibika, na maua hupukutika bila kuzaa. Mkulima huona mti mrefu wenye majani mazuri, lakini tunda hakuna. Katika miezi ya Februari na Machi joto letu la nje peke yake hufika hapo. Ukiongeza banda la kukamata joto, umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Usiniamini kwa maneno matupu. Fanya jaribio hili na watoto nyumbani. Twaa sufuria mbili za zamani, tia udongo mbichi ndani yake, uziweke juani saa tano asubuhi. Moja ifunike kwa plastiki nyeupe inayopitisha nuru, uifunge pembeni kwa kamba. Ya pili iwekee kuti juu yake kwa urefu wa mkono mmoja, hewa ipite. Saa nane mchana tia kiganja chako katika kila sufuria. Baada ya hapo hutahitaji karani wa kukueleza.

KOSA NILILOLIFANYA MIMI

Haya sikuyajua tangu mwanzo. Nilipohamia nyumba niliyo nayo sasa, nilinunua plastiki, nikaipigilia misumari upande wa magharibi, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nafasi karibu na mlango wa jikoni. Nikasia trei tatu za sukuma wiki na nyanya. Siku ya nane miche ilikuwa imeota vizuri, nami nikajisifu mbele ya mke wangu.

Siku ya tisa nilikwenda kazini nikasahau kuikunja plastiki ile. Niliporudi saa kumi na moja, miche yote ilikuwa imelala juu ya udongo kama mchicha uliotiwa maji ya moto. Mke wangu hakusema neno. Alizichukua trei zile, akazimwaga kwenye shina la mgomba.

Nilikuwa nimefanya makosa mawili: ukuta haukuwa wake, na kifuniko hakikuwa chake. Hasara yangu ilikuwa mbegu za pakiti mbili na plastiki ya mita chache. Hasara ya yule mama ingekuwa karo ya mwaka na deni juu yake.

UKUTA UPI UNAFAA?

Nchi yetu iko karibu sana na ikweta, kusini yake kidogo. Kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima kama kule Ulaya. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua hupita juu ya utosi. Toka Aprili mpaka Septemba hupita upande wa kaskazini, na toka Oktoba mpaka mapema Machi hupita upande wa kusini. Mtu mwenye kujua jambo hili aweza kuchagua ukuta bila kukosea.

Upande wa mashariki ndio bora. Miche hupata jua la asubuhi, ambalo si kali, nao hulitumia kukua. Saa saba ikifika, nyumba yenyewe huanza kuitilia kivuli, na saa zile mbaya za alasiri huipita miche ikiwa salama.

Upande wa kaskazini ni wa pili kwa uzuri. Katika Desemba na Januari jua huwa nyuma ya nyumba, na ukuta huu hukaa kivulini. Lakini angalia: miche iliyokosa nuru hurefuka na kuwa myembamba kama uzi. Ikianza kurefuka hivyo, punguza makuti ya juu, au itoe nje saa mbili kila asubuhi.

Upande wa kusini ni wa tatu. Wafaa toka Aprili mpaka Septemba, lakini katika miezi ya joto jua hupiga humo, na makuti lazima yawe mazito zaidi.

Upande wa magharibi uache kabisa, kama huna haja kuu. Jua la alasiri hufika wakati hewa imekwisha pata moto tangu asubuhi. Ukuta wa matofali au wa mawe hulinywa joto lile, kisha huendelea kulitoa mpaka usiku. Miche hukosa saa ya kupumzika.

Jambo moja zaidi juu ya mashariki. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo kipenu cha mashariki hupata pepo zote mbili. Upepo ni mzuri kwa kuwa hupoza, lakini hukausha udongo na huweza kung'oa paa. Ziba ncha mbili za kipenu kwa makuti au magunia, na funga paa kwa kamba madhubuti. Upande wa mbele uache wazi.

UPANA, UREFU NA KIMO

Watu wengi hudhani upana mkubwa ni faida. Katika kipenu si hivyo. Mkono wa mtu aliyesimama hufika sentimita 60 au 70 bila kuinama kwa taabu. Kichanja cha miche kikizidi upana huo, miche ya nyuma haitapaliwa, haitatazamwa, na wadudu wataanza huko huko. Basi fanya hesabu hii: kichanja sentimita 60, nafasi ya shubiri moja kati ya kichanja na ukuta, na njia ya kupita sentimita 60. Jumla haifiki mita moja na nusu. Ukanda wowote wa kando ya nyumba wenye upana huo watosha.

Ile shubiri moja ya nyuma usiidharau. Ukuta wa udongo ukipata majimaji kila siku hulainika na kubomoka. Tena mchwa hupenda mahali penye unyevu palipogusana na ukuta, wakapata njia ya kupanda mpaka kwenye paa la nyumba. Kwa sababu hiyo hiyo, kipenu kisimame kwa nguzo zake chenyewe mbele na nyuma, kisining'inie kwenye ukuta.

Kimo cha nyuma kiwe mita 2 na sentimita 10, na cha mbele mita 1 na sentimita 80, ili maji ya mvua yateremke. Kama upenu wa nyumba yako ni mfupi kuliko hapo, punguza kote kwa kiasi, lakini mteremko ubaki ule ule. Kichanja chenyewe kiinue sentimita 80 au 90 kutoka chini. Hapo kuku hawafiki, mgongo hauumi, na maji ya mvua hayarushi matope kwenye majani. Chini ya kichanja pafagiliwe kila siku, nyoka asipate pa kujificha.

Urefu wa mita 4 watosha kwa kuanzia. Kichanja cha sentimita 60 kwa mita 4 ni mita za mraba 2 na nukta 4. Ukipanda miche kwa nafasi ya sentimita 5 kila upande, waingia 960. Tuseme 160 hufa au huwa dhaifu, hubaki 800. Nyanya zikipandwa shambani kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 60, miche 800 hujaza zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya ekari. Hilo ni shamba la kutosha kwa mikono ya nyumba moja, na miche yake yote imetoka kwenye kipenu kisichozidi kitanda viwili kwa urefu.

MITI NA PAA

Nguzo sita zatosha: tatu mbele na tatu nyuma. Tuna mti mmoja uliotuchosha wote, nao ni mathenge. Ulipandwa Bura katika miaka ya 1980 uwe kuni na kinga ya jangwa, na leo umefunga njia na malisho. Lakini mti wake ni mgumu na wafaa sana kwa nguzo. Kata hapo ulipo, utakuwa umefanya kazi mbili kwa panga moja. Jihadhari na miiba yake, wala usilete nyumbani matawi yenye maganda ya mbegu. Mikoko usiikate bila kibali.

Ncha ya nguzo inayoingia ardhini ichome motoni mpaka iwe nyeusi, kimo cha mkono mmoja. Hiyo hupunguza kazi ya mchwa. Wengine hupaka oili chafu ya gari; usifanye hivyo mahali pa mboga, kwa kuwa oili hiyo huingia katika udongo unaotulisha.

Juu ya nguzo laza boriti, kisha fito, kisha makuti ya mnazi au majani ya mkoma. Usiyapange mazito kama ya nyumba. Yapange mepesi, hata ukitazama sakafuni saa nne asubuhi uone madoadoa ya jua na kivuli yakikaribia kuwa sawa. Mwenye uwezo aweza kununua neti ya kivuli. Ile inayozuia nusu ya nuru, au pungufu kidogo, ndiyo ya kuchukua. Neti hudumu zaidi na haileti takataka, lakini makuti hufanya kazi ile ile. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Je, plastiki haina kazi kabisa? Inazo kazi mbili. Kwanza, wakati wa masika mvua ya kishindo hulaza miche midogo na kuiozesha. Basi tandika plastiki juu ya paa peke yake, siku za mvua, na pembeni pabaki wazi. Mvua ikikatika, ikunje uiweke ndani, nayo itadumu. Plastiki ya kawaida ikiachwa juani kila siku huvunjika vipande vipande kabla ya mwaka kwisha.

Kazi ya pili ni kusafisha udongo. Katika miezi ya joto, nyunyizia maji udongo wa kitalu, uutandaze kimo cha shubiri, uufunike kwa plastiki inayopitisha nuru, na uzike pembe zake kwa mchanga. Uache hivyo wiki nne hadi sita. Joto lile lile lililoua miche yangu litaua mbegu nyingi za magugu, na minyoo na vimelea vingi vya kuozesha mizizi.

UDONGO NA WADUDU

Udongo mweusi wa bondeni una rutuba, lakini hushika maji na ukikauka hupasuka. Kwa miche uchanganye hivi: karai mbili za udongo wa juu, karai moja ya mchanga wa mto, na karai moja ya samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Jirani zetu wafugaji wanayo samadi nyingi bomani, na ni jambo jema kuagana nao kabla ya msimu.

Miche ikianguka kama iliyokatwa kwa wembe karibu na udongo, huo ni ugonjwa wa kuoza shina. Huletwa na maji mengi, mbegu zilizosongamana, na kukosa hewa. Punguza maji, ng'oa iliyougua, na uwape nafasi waliobaki.

Nondo mdogo wa nyanya, ambaye funza wake huchimba njia ndani ya majani, aliingia Kenya mwaka 2014. Yeye na inzi weupe huzuiwa kwa neti yenye matundu madogo sana. Lakini neti hiyo pia huzuia hewa. Kwa hiyo usizungushie kipenu kizima. Fanya kama chandarua cha kitanda, ukifunike kichanja cha nyanya peke yake, na ukifungue kila siku kutazama chini ya majani.

MAJI: DEBE MOJA KWA SIKU

Hapa ndipo hesabu ya banda kubwa huanguka. Banda linalouzwa sana lina mita 8 kwa 15, yaani mita za mraba 120. Mimea iliyokwisha jaza banda hilo, katika joto letu, hutaka kama lita 4 au 5 kwa kila mita ya mraba kila siku. Hiyo ni mitungi 24 hadi 30 ya lita 20. Ni nani nyumbani mwako atakayeiteka, siku ambayo pampu imekufa?

Kipenu cha mita 4 hutosheka na debe moja: nusu asubuhi na mapema, nusu saa kumi na moja jioni. Usimwagilie saa sita mchana.

Kama nyumba yako ni ya mabati, funga mfereji wa bati kwenye upenu. Hiyo ni lazima hata kama huna pipa, maana maji ya paa la nyumba yakimwagika juu ya kipenu yatakivunja. Lakini ukiwa na mapipa ni faida kubwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 3 likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 480. Hata kama nyingine humwagika, lita 400 zatosha kipenu siku 20. Mapipa yafunikwe vizuri, tusije tukafuga mbu mlangoni petu.

Wale wa upande wa Ozi na Kipini wanajua kwamba mto ukipungua, maji ya bahari hupanda. Onja maji kabla ya kuwapa miche. Ncha za majani zikigeuka kahawia kana kwamba zimechomwa, maji yana chumvi. Tafuta ya mvua.

KWA NINI TUNATILIA MKAZO KIPENU?

Sababu kubwa kuliko zote ni mto wenyewe. Tana hututunza, lakini hatuuamuru. Skimu ya Hola ilianza mwaka 1953, na mwaka 1989 mto ukahama njia yake ukaiacha mitambo ya maji pakavu; mashamba yakakaa miaka mingi bila maji. Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 zikavunja kazi za mradi wa mpunga wa bondeni. Mafuriko yakaja tena mwaka 2018, na mwisho wa mwaka 2023, na Aprili na Mei 2024. Mara nyingine hapa kwetu kumekauka kabisa, nao mto waja umejaa, kwa mvua iliyonyesha Mlima Kenya na Nyandarua.

Kila maji yanapopungua, ardhi huachwa na tope jipya na unyevu mzuri. Mababu wa bonde hili walijua kupanda katika unyevu huo. Lakini unyevu hausubiri mtu. Aliye na miche tayari hupanda wiki ile ile. Asiye nayo hutafuta mbegu, husia, hungoja wiki nne au tano za nyanya na sukuma wiki, au wiki sita hadi nane za pilipili na biringani, na siku ile anapopanda udongo umekwisha pasuka. Nimewaona watu kama hao kwenye benchi la ofisi yetu mwaka 2024, wakiuliza miche, nasi hatukuwa nayo.

Banda kubwa shambani haliwezi kuukimbia mto. Trei za miche zaweza. Zibebwe kichwani, zipandishwe mtumbwini, zipelekwe kwa ndugu aliye mwinuko, na kurudishwa maji yakipungua. Kwa sababu hii yafaa kusia mapema Machi kwa masika, na mapema Septemba kwa vuli, na kuweka trei moja au mbili za akiba kila mara ambapo Idara ya Hali ya Hewa imetangaza mvua kubwa.

Wiki ya mwisho kabla ya kupanda, ondoa makuti kidogo kidogo na upunguze maji, miche izoee jua. Mche uliolelewa kivulini ukitupwa ghafula shambani hufa kama mgeni asiyekaribishwa. Panda jioni.

KWA UFUPI

1. Chagua upande wa mashariki. Uache wa magharibi.
2. Upana usizidi mita moja na nusu. Kichanja kisizidi mkono wako.
3. Kipenu kisimame kwa nguzo zake, shubiri moja kati ya kichanja na ukuta.
4. Juu ni makuti au neti. Plastiki ni ya mvua na ya kusafisha udongo.
5. Debe moja kwa siku, na mapipa yenye vifuniko.
6. Miche iwe tayari kabla ya maji kupungua, si baada yake.

Yule mama nilimpa futi ya kupimia, akaenda nayo nyumbani. Alirudi baada ya siku tatu. Upande wake wa mashariki una mita 5 na ukanda wa mita 1 na sentimita 40. Mwanawe amekata nguzo za mathenge, makuti amepewa na shemeji yake wa Kipini, na gharama yake ya fedha ilikuwa misumari, kamba, trei na mbegu. Karatasi ya mwuzaji aliniachia mezani. Karo ya mtoto imelipwa.

Mwenye swali juu ya ukuta wake na afike ofisini akiwa amekwisha pima, au amwite Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi yake aje atazame. Njoo na vipimo vitatu: urefu wa ukuta, upana wa ukanda, na upande jua linakochomozea. Kwa hivyo vitatu tutaweza kukushauri.